Aliyeshindwa Angefanya Nini? Hotuba kuhusu Ununuzi wa Ushindi katika Michezo ya Mtandaoni

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wachezaji, watengenezaji wa michezo, walimu na wazazi mliohudhuria,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo huulizwa kwa hasira mara nyingi kuliko linavyojibiwa kwa makini: ni wakati gani tunaweza kusema kwa haki kwamba mchezo wa video wa mtandaoni unauza ushindi? Tuhuma hiyo hutolewa dhidi ya karibu kila mchezo wenye duka ndani yake. Mchezaji aliyepigwa risasi na mtu mwenye vazi la kununua hulalamika kwa maneno yale yale anayotumia mchezaji aliyeangushwa na kadi ya kuongeza nguvu ambayo yeye hawezi kuipata pasipo kucheza miezi kadhaa. Malalamiko hayo mawili hayana uzito sawa, na tukiyachanganya tunawapa wenye maduka nafasi nzuri ya kuyapuuza yote kwa pamoja.

Watengenezaji nao wana jibu waliloizoesha hadhira yao: kitu kinachouzwa kinapatikana pia kwa kucheza, kwa hiyo kilichouzwa ni muda, ushindi haukuguswa. Jibu hilo lina ukweli wake, nami nitalirudia baadaye kwa heshima linayostahili. Kasoro yake ni kwamba linapima jambo mahali pasipolingana nalo. Linapima maisha yote ya akaunti, tangu siku ilipofunguliwa hadi siku itakapoachwa, ilhali hakuna mtu anayeshindwa katika maisha ya akaunti. Mtu hushindwa katika pambano moja, saa fulani, mbele ya mpinzani fulani. Napendekeza kipimo kiwekwe hapo hapo. Tumwendee aliyeshindwa mara pambano linapokwisha tumuulize: ungefanya nini ili usishindwe? Likiwapo jibu la kweli lililo ndani ya mchezo wenyewe, yaani kulenga vizuri zaidi, kupanga vikosi mapema, kuisoma nia ya mpinzani, kusikilizana na wenzake wa timu, basi duka halikuingilia kati. Lakini jibu la kweli lililobaki likiwa ni kulipa, au kusubiri hadi pambano lile liwe limepoteza maana, basi ushindi ule ulinunuliwa, hata kama mnunuzi naye alicheza kwa ustadi.

Chukueni sataranji. Tuseme mwenye ubao anauza malkia wa pili, na asiyetaka kulipa anaweza kumpata malkia huyo bure baada ya kucheza michezo mia mbili. Katika mchezo wa mia na tisini bado anakaa mbele ya mtu mwenye malkia wawili, na ahadi ya malkia atakayekuja baadaye haimsaidii kitu kwenye ubao ulio mbele yake. Na akimpata hatimaye, huenda duka limekwisha kuleta ngome ya tatu. Hapa ndipo maneno "unaweza kukipata bila kulipa" yanapopaswa kukamilishwa kila mara kwa swali la pili: kabla ya nini? Michezo mingi ya leo huendeshwa kwa misimu ya wiki kadhaa, na msimu ukiisha orodha ya washindi hufungwa na zawadi hugawiwa. Nguvu inayopatikana bure baada ya msimu kufungwa ni nguvu ambayo kwa msimu ule iliuzwa tu.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni ule wa Star Wars Battlefront II, mchezo uliotolewa na Electronic Arts mwaka 2017. Umma ulikasirikia zaidi suala la Darth Vader, mhusika maarufu wa filamu za Star Wars, aliyewekewa bei ya sarafu 60,000 za ndani ya mchezo, ambazo wachezaji walikadiria kwamba zingehitaji takribani saa 40 kuzikusanya. Kampuni ilipoeleza katika mtandao wa Reddit kwamba nia ilikuwa kuwapa wachezaji fahari ya kufanikiwa, maelezo hayo yakawa maoni yaliyopigiwa kura nyingi zaidi za kukataliwa katika historia ya mtandao huo. Bei ikashushwa kwa asilimia 75. Naziheshimu hasira zile, kwa kuwa zilileta mabadiliko, ila naamini ziliegemea upande mwepesi wa tatizo. Vader alikuwa mbali kwa wote. Uzito ulikuwa katika makasha ya bahati, ambayo mtu hajui yaliyomo hadi ayafungue, yaliyoweza kununuliwa kwa fedha halisi, yenye kadi za kuimarisha silaha, kufupisha muda wa kusubiri uwezo urejee, au kupunguza madhara anayoyapata mwenye kadi. Askari wawili wenye shabaha sawa walipokutana, mmoja wao aliweza kubaki hai kwa sababu ya kadi iliyotoka katika kasha. Muulizeni aliyeanguka angefanya nini. Katika mchezo wenyewe hakuwa na la kufanya. Tarehe 16 Novemba 2017, siku moja kabla ya mchezo kutolewa rasmi, ununuzi kwa fedha halisi ulisimamishwa, na Machi 2018 kampuni ikatangaza kwamba kadi zitapatikana kwa kucheza peke yake, na fedha zitanunua mwonekano tu. Mabadiliko hayo ya pili ndiyo yaliyoondoa tatizo lenyewe.

Nataka nikae kidogo zaidi na mfano mwingine usiozungumzwa sana siku hizi, kwa sababu unafundisha mengi kuhusu namna fedha inavyoingia kwa mlango wa nyuma. Katika World of Tanks, mchezo wa vita vya vifaru wa kampuni ya Wargaming, kulikuwa na risasi maalumu zenye uwezo mkubwa zaidi wa kupenya deraya. Hapo mwanzo risasi hizo zilinunuliwa kwa dhahabu ya mchezo, na dhahabu hiyo ilinunuliwa kwa fedha. Mwaka 2012 kampuni iliruhusu zinunuliwe pia kwa fedha ya kawaida ya mchezo, ile anayoipata kila mchezaji anapopigana, na mwaka 2013 ikatangaza hadharani sera ya kutouza faida yoyote ya kivita. Kwa kipimo cha juu juu jambo lilikuwa limekwisha, kwani risasi iliyokuwa dukani peke yake sasa ilikuwa mikononi mwa wote.

Lakini pambano la vifaru lina mapato na matumizi. Kifaru kilichoharibiwa hutengenezwa kwa gharama, risasi zilizofyatuliwa hulipiwa, na mchezaji anayezitumia risasi zile maalumu mfululizo huweza kutoka katika pambano aliloshinda akiwa na hasara. Hasara hiyo hufidiwa na nini? Akaunti ya kulipia humwongezea mwenyewe nusu nzima ya mapato ya kila pambano, na vifaru vinavyouzwa kwa fedha halisi vimeundwa ili vichume zaidi ya vingine. Asiyelipa anaweza kufyatua risasi zile katika pambano moja au mawili, kisha inambidi apigane kwa muda mrefu bila hizo ili kujaza hazina yake. Aliyelipa huzifyatua jioni nzima. Tukimuuliza aliyeshindwa angefanya nini, atasema angepakia risasi zilezile. Tukimuuliza kama angeweza kumudu, jibu linategemea kama hili ni pambano la kwanza au la kumi la jioni ile. Sisemi kwamba Wargaming haikufanya lolote la maana. Kuwafungulia wote risasi zile kulikuwa hatua kubwa, na makampuni mengi hayajaifikia. Nasema kwamba anayekagua mchezo kwa kuangalia orodha ya duka peke yake atakosa kuona uchumi ulio nyuma yake, na kwamba kuuza kasi ya kuchuma, pale ambapo kilichochumwa hugeuka silaha, kunaweza kuwa sawa na kuuza silaha yenyewe kwa mafungu.

Sasa nirudi kwenye hoja ya muda, kama nilivyoahidi. Anayeitetea kwa nguvu ni mtu mwenye kazi na familia. Ana saa moja usiku, na mpinzani wake ana saa kumi kila siku. Kama nguvu katika mchezo hutokana na saa zilizotumika, anauliza, kwa nini saa za kijana yule zihesabiwe kuwa haki, na fedha yangu, ambayo nayo nimeipata kwa saa zangu za kazi, ihesabiwe kuwa udanganyifu? Sijasikia hoja iliyo bora kuliko hiyo upande ule, na sikubaliani na wachezaji wenzangu wanaoicheka. Nguvu inayotokana na kukaa tu mbele ya skrini, bila ustadi wowote kuongezeka, nayo ni aina ya dhuluma. Aliyeshindwa na mtu wa saa kumi anaweza kutupa jibu lile lile: sikuwa na la kufanya.

Ila tuangalie hoja hiyo inatupeleka wapi tukiifuata hadi mwisho. Inathibitisha kwamba pengo la nguvu baina ya wapinzani ni baya. Haithibitishi kwamba dawa yake ni kuliuza pengo hilo. Dawa ya kweli ni kuliondoa pale watu wanaposhindana, na hilo linawezekana, kwa kuwa limeshafanywa. Guild Wars 2, mchezo uliotoka mwaka 2012, humpandisha kila anayeingia katika medani ya mashindano hadi ngazi ya juu kabisa na kumpa zana zenye nguvu sawa na za wenzake, awe amecheza miaka au amefika juzi. Yule mzazi mwenye saa moja hana haja ya kununua chochote ili awe sawa na kijana wa saa kumi. Anachopungukiwa ni mazoezi, na mazoezi hayauzwi. Mahali palipo na pengo la nguvu na duka la kuliziba, aliyeliweka pengo ndiye anayeuza daraja, na kila kadiri pengo linavyopanuliwa ndivyo daraja linavyopanda thamani. Sioni namna mfanyabiashara mwenye nia njema kabisa anavyoweza kukaa miaka mingi juu ya kiti hicho bila kuvutwa upande mmoja.

Na wapo watengenezaji ambao matendo yao yanakiri hivyo. Clash Royale ya Supercell, kampuni ya Finland, ilitoka mwaka 2016 ikiwa na kadi za kuwaingiza askari vitani, zinazopanda ngazi kwa kukusanya nakala nyingi na dhahabu, vitu ambavyo fedha huvileta upesi. Kadi ya ngazi ya juu hupiga kwa nguvu zaidi na huchelewa kufa, na tofauti ya ngazi moja inatosha kubadilisha nani anabaki amesimama vikosi vinapokutana. Lakini katika mashindano ya mchezo huo ngazi za kadi zimewekewa kikomo ili wapinzani walingane. Kama ngazi hazibadilishi matokeo, kwa nini zisawazishwe hapo? Na kama zinayabadilisha, kwa nini mchezaji wa kawaida, ambaye ndiye anayeujaza mchezo kila siku, astahili uwanja wenye mteremko? Nikitaka kujua kama mchezo unauza ushindi, mara nyingi huanza kwa kutazama ni nini kinachofutwa siku bingwa anapotafutwa.

Kuna vitu vinavyouzwa ambavyo si nguvu moja kwa moja, navyo huleta ubishi mwingi. Cha kwanza ni aina. Muuzaji wa mashujaa au kadi husema kwamba shujaa mpya hana nguvu kuliko wa zamani, ni tofauti tu. Huenda ni kweli kwa kila shujaa akipimwa peke yake. Lakini katika mchezo ambao sehemu ya ustadi ni kuchagua shujaa anayemfaa mpinzani uliyenaye, kuwa na uteuzi mpana ni nguvu kamili. Dota 2, mchezo wa mapambano ya timu, ililitambua hilo tangu mwanzo, ikawaacha mashujaa wote wazi kwa kila mtu na kuuza mavazi. Overwatch ya mwaka 2016, mchezo wa timu wa kufyatuliana risasi, iliuzwa kwa bei moja na mashujaa wote ndani yake. Overwatch 2 ilipokuja Oktoba 2022 ikiwa ya bure, mashujaa wapya waliwekwa katika pasi ya msimu, yaani ngazi ya zawadi zinazofunguliwa hatua kwa hatua kwa kucheza: aliyelipa alimpata shujaa Kiriko papo hapo, na asiyelipa alimfikia katika hatua ya 55 ya pasi ile. Katika mchezo unaoruhusu kubadili shujaa katikati ya pambano ili kumjibu mpinzani, hiyo ilikuwa sawa na kumnyima mtu baadhi ya majibu. Aprili 2024 utaratibu huo uliachwa na mashujaa wakafunguliwa kwa wote. Nilifurahi, na naona ni kielelezo kwamba kampuni kubwa inaweza kurudi nyuma bila mchezo wake kufa.

Cha pili ni mavazi na rangi, ambayo kwa kawaida hayana hatia, nami nawaomba wachezaji waache kuyatuhumu kwa mazoea. Mtu akitaka kulipa ili farasi wake ang'ae, amewasaidia wote wanaocheza bure, kwa kuwa seva na mishahara ya waliojenga mchezo lazima ilipwe na mtu fulani. Vazi huwa na hatia pale tu linapomgusa mpinzani. Katika Call of Duty: Warzone kulikuwa na vazi jeusi kabisa la mhusika aitwaye Roze, lililomfanya mvaaji karibu apotee katika pembe zenye giza, na mwaka 2021 watengenezaji walilazimika kulirekebisha baada ya malalamiko ya muda mrefu. Halikuongeza risasi wala uhai, lakini liliondoa kitu ambacho aliyeshindwa angekitumia, yaani macho yake.

Kuhusu masanduku ya ziada ya kuhifadhia mali na urahisi mwingine wa namna hiyo sitasema mengi; yakiwa hayaingii katika pambano, ni suala la ladha na bei. Vivyo hivyo kwa toleo jipya ambalo kila mchezaji hulinunua kwa bei moja inayojulikana: hicho ni kiingilio, na kiingilio hukoma pale mtu anapokwisha kukilipa. Ninachokitilia shaka ni malipo yasiyo na mwisho, ambapo anayelipa mara kumi yuko juu ya aliyelipa mara tano.

Mfano mgumu kwangu ni EVE Online, mchezo wa angani kutoka Iceland ulioanza mwaka 2003. Tangu mwaka 2008 mchezaji ameweza kununua kitu kiitwacho PLEX kwa fedha halisi na kumuuzia mchezaji mwenzake kwa sarafu ya mchezo, na mwaka 2016 ikawezekana hata kununua ujuzi uliotolewa kutoka kwa mhusika wa mtu mwingine. Kwa maandishi hili linaonekana ni duka la ushindi la wazi. Katika utekelezaji, mgeni aliyenunua meli kubwa huweza kuipoteza siku hiyo hiyo kwa genge la wachezaji wenye meli za bei ndogo, kwa sababu hajui wapi pa kupita na wakati gani wa kukimbia. Aliyeshindwa huko karibu kila mara anayo majibu ya kutupa: ningepeleka mpelelezi mbele, ningekuwa na washirika wengi zaidi, nisingeingia katika mfumo ule wa nyota. Kwa hiyo, kwa kipimo changu, EVE haiangukii upande wa hatia kwa uzito ule ambao bei zake zingetufanya tudhani, ingawa ununuzi wa ujuzi uliwanyang'anya wachezaji wa zamani kitu ambacho walikuwa wakikipata kwa subira peke yake. Wachezaji wenyewe waliuona mpaka huo mapema. Mwaka 2011, wakihofia kwamba kampuni inakusudia kuuza vitu vyenye nguvu, walikusanyika kwa wingi na kuufyatulia risasi mnara ulioko Jita, kitovu cha biashara cha mchezo huo, hadi kampuni ikawaita wawakilishi wao Iceland kwa mkutano wa dharura, na pande zote mbili zikatoa taarifa ya pamoja kuwatuliza wachezaji. Naukumbuka mkasa huo kwa heshima, maana waliandamana kabla ya kudhulumiwa.

Je, mahali pasipo na mpinzani? Diablo III ya mwaka 2012 ilikuwa na soko la mnada ambamo wachezaji waliuziana silaha kwa fedha halisi, na soko hilo likafungwa tarehe 18 Machi 2014 kwa sababu lilikuwa limeharibu kiini cha mchezo, ambacho ni kuua viumbe waovu na kuokota zana wanazoziacha. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mchezo huo ni mtu dhidi ya mashine, sidhani neno la ushindi ulionunuliwa linafaa. Hakuna aliyeshindwa wa kumuuliza. Kosa lipo, lakini ni kosa la aina nyingine: mchezo uliokaushwa hadi njia fupi ya kuufurahia ikawa ni kutoucheza. Ninaomba tuiite kila kasoro kwa jina lake, ili kila moja ipate jibu lake.

Kwa sababu hiyo hiyo niseme neno kuhusu kamari, ambayo huchanganywa na suala letu karibu kila siku. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba makasha ya bahati katika FIFA 18, mchezo wa soka, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive yanavunja sheria ya kamari. Katika mchezo wa tatu kati ya hiyo makasha hutoa rangi za silaha, ambazo hazimshindishi mtu. Hapo kuna kamari bila ununuzi wa ushindi. Upanga wenye nguvu unaouzwa kwa bei ya wazi ni kinyume chake. Katika FIFA vyote viwili vilikutana, kwa kuwa pakiti, yaani makasha yake ya bahati, zilitoa wachezaji wa soka wenye kasi na nguvu wanaoingia uwanjani dhidi ya timu ya mtu mwingine. Huko Uholanzi mdhibiti aliitoza Electronic Arts faini ya euro milioni 10, na Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta. Sababu yake inastahili kuzingatiwa: mahakama iliona kwamba pakiti zile si mchezo wa bahati unaojitegemea, bali ni sehemu ya mchezo mpana wa ustadi ambamo yaliyomo hutumika. Mimi si mwanasheria, na sina ugomvi na hukumu hiyo kama tafsiri ya sheria ya kamari. Lakini tazameni kilichoiokoa kampuni: ni kule kuingia kwa pakiti katika shindano. Jambo lililowaondolea hatia ya kamari ndilo hasa linalowatia katika tuhuma tunayoijadili leo, na sheria ya kamari haikuundwa kulishughulikia.

Palipo na bahati pana pia giza, na giza humzuia aliyeshindwa hata kujua alishindwa na nini. Januari 2024 tume ya biashara ya haki ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya michezo ya Nexon faini ya takribani woni bilioni 11.6 kwa kubadilisha uwezekano wa kupata matokeo mazuri katika vitu vya kuboresha zana ndani ya mchezo wake wa MapleStory bila kuwaambia wachezaji, na baadhi ya matokeo yaliyotamaniwa zaidi yalikuwa yamewekewa uwezekano wa sifuri. Watu walikuwa wakilipa wakitafuta nguvu ambayo haikuwamo. Na kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya hilo. Mwaka 2017 Activision, kampuni inayotoa Call of Duty, ilipewa hataza nchini Marekani ya mfumo wa kupanga wapinzani, ambao ndani yake mchezaji asiye na silaha fulani huweza kupangiwa mechi na mtu hodari aliye nayo, ili aitamani na kuinunua. Kampuni ilieleza kwamba ulikuwa utafiti tu na kwamba haujatumika katika mchezo wowote, nami nalichukua neno lake. Hata hivyo hataza ile inaonyesha kwamba wazo limekwisha fikiriwa hadi mwisho: kushindwa kwenyewe kunaweza kugeuzwa tangazo, na mpinzani wako kuwa mchuuzi bila yeye kujua.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na methali hiyo hurushwa mara kwa mara kwa wanaolalamika. Naikubali. Lakini inamwelekea mtu aliyekuwa katika mashindano, na aliyepangiwa kushindwa ili anunue hakuwa katika mashindano.

Ombi langu kwa watengenezaji mliomo humu ni dogo na linaweza kutekelezwa bila kuufunga mlango wa mapato. Kila pambano linapokwisha, mchezo tayari unayo hesabu yote: nani alikuwa na zana gani, ya ngazi gani, na iliongeza madhara kiasi gani. Mwonyesheni aliyeshindwa hesabu hiyo, na pembeni mwa kila zana mwandike inachukua saa ngapi kuipata bila malipo na kama saa hizo zinatosha kabla msimu haujafungwa. Sehemu ile ya skrini mnayo, kwa kuwa katika michezo mingi ndipo mnapoweka punguzo la bei sekunde chache baada ya mtu kushindwa. Na kwenu wachezaji, kabla hamjaandika tuhuma nyingine, itafuteni hesabu hiyo hata kama mchezo haukuwapa, muilete pamoja na malalamiko. Sasa nayapokea maswali, na ningependa kuanza na wale wanaobuni mifumo hii wenyewe, kwa kuwa wao wanajua mambo ambayo sisi wengine tunayaona kutoka nje tu.